Uyoga Mwekundu wa Chini ya Mipaina

Nilitoka kwangu Kaloleni, mjini, Jumatano asubuhi kwa sababu ukoo wetu ulikuwa umeshanunua chungu. Msomaji asiye Mmeru nimweleze mara moja. Mtu akishukiwa kuua na asikiri, wazee hukaa, humtaja jina, na chungu kipya hupigwa chini. Mwenye hatia huisha yeye na uzao wake, kama vile vigae visivyoungika tena. Mchungaji hataki kusikia habari hiyo, nasi hatumwambii. Jina lililokuwa litajwe Jumamosi, nyumbani kwa kaka yangu Zefania kule Kikwe, lilikuwa la Skola, mke wa mwanangu Anaeli.

Anaeli tulikuwa tumemzika wiki moja kabla. Alikula uyoga aliopikiwa na mkewe, akapotewa na akili mchana kweupe, akatoka mbio, akaangukia kwenye mawe ya korongo. Mkewe alikula sufuria hiyo hiyo na yuko hai. Kwa watu wetu kesi iliishia hapo. Kwanza Skola ni mtu wa kuja, kwao Iringa. Pili, katika ukoo wetu hatuli uyoga. Kwetu ni kitu kinachoota penye kuoza, na anayekijua sana ana lake jambo.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Najua kusoma bei na kuandika barua, na haya unayoyasoma nimeyaandika mwenyewe kwa mkono wangu. Duka langu la vipuri vya baiskeli sikurithi kwa mtu. Nilianza kwa kubeba magunia mgongoni. Kwa hiyo jambo nikiambiwa, napenda kwenda kulishika. Skola sikuwa nampenda, sikuwa namchukia. Lakini alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni, Neema, mjukuu wangu pekee, na chungu hakichagui. Kikivunjwa kwa mama kinamfuata mtoto.

Kabla sijatoka nilimwambia kaka, "Nipe mpaka Jumamosi. Nataka kuujua huo uyoga."

"Uyoga unajulikana, ni sumu," alisema Zefania. "Anayetakiwa kujulikana ni aliyeupika."

"Aliyeupika namjua. Nipe mpaka Jumamosi."

"Haya, kaokote uyoga, mdogo wangu. Uzee una mengi."

Saa mbili asubuhi nilikuwa Ngaramtoni, nikapanda lori la mbao linalokwenda juu, Mlima Meru. Miaka ile viwanda vya umma vilikuwa vinafungwa kimoja kimoja, na watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kuvuna mipaina ya serikali upande ule wa mlima. Kila mwenye msumeno alijiita mfanyabiashara. Anaeli naye alikuwa amepunguzwa kiwandani mjini baada ya miaka tisa, akaenda huko kushika ncha ya pili ya msumeno wa mtu mwingine. Njia ilikuwa tope jekundu. Dereva alipoambiwa mimi ni baba wa nani, alizima redio, hakuiwasha tena mpaka kambini.

Kambi ni vibanda vya mabanzi, yale magamba ya mti yanayobaki baada ya kupasua. Mvua inapita, baridi inapita, moshi hautoki. Skola alikuwa ameketi mlangoni, mtoto anamnyonya. Aliponiona alisimama, akapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimekuja unionyeshe palipoota."

Hakuuliza kwa nini. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua kisu, akatangulia.

Chini ya mipaina hakuna kitu. Hakuna majani, hakuna ndege, ni miiba myembamba ya mti tu imelala kama godoro, na mguu wako hausikiki. Mimi nimezaliwa upande wa pili wa mlima huu, kwenye migomba na kahawa, na nakuambia mahali pale si Meru. Ni mahali palipoletwa na watu. Tulitembea kama nusu saa. Nikamwambia asimulie, na asinipake mafuta.

"Ilikuwa Jumapili, baba. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Nilipita hapa kuokota kuni nikauona, mwekundu wa kuelekea njano, unang'aa. Kwetu tunao kama huo, unaota kwenye misitu ya miombo masika yakianza. Tunaugombea. Mama yangu anaupika kwa karanga. Nikasema leo mume wangu atakula chakula cha kwetu."

"Ukala na wewe?"

"Nilikula. Yeye nilimpakulia zaidi, alikuwa amepasua mbao wiki nzima. Mimi nikatapika, nikalewa, nikalala na mtoto kifuani. Yeye alikuwa anacheka. Anasema mipaina inatembea inakuja kumsalimia. Nilitaka kumshika, baba, mikono ikakataa kuinuka. Nilipoamka jua limeshuka, hayupo."

"Na kwa nini uyoga? Hamkuwa na kitu kingine?"

Alikaza kanga aliyombebea mtoto.

"Mahindi yalikwisha Ijumaa. Tajiri wa msumeno alikuwa hajaja. Anaeli alishuka kwako Jumamosi, baba. Alirudi mikono mitupu."

Ni kweli. Alikuja dukani, akasimama mlangoni kama mteja, akaomba debe la mahindi. Nilimwambia mtu wa miaka thelathini na mbili haombi mahindi kwa baba yake; mimi nikiwa na umri huo nilikuwa nimeshajenga. Alisema, "Sawa baba," akaondoka. Sikuona ubaya wowote. Nami nilifundishwa hivyo hivyo, na nilikuwa najisifu kwa hilo.

Tuliukuta. Vichwa sita vimekaa kwa mduara chini ya mti mmoja, vyekundu kama rangi ya gari jipya, vingine vimefifia kuwa chungwa. Katika giza lile la mipaina vilionekana kutoka mbali. Skola alisimama nyuma yangu, hakusogea. Nikainama nikavikata viwili kwa kisu.

"Baba, chimbua na mguu wake," alisema.

"Usinifundishe kuvuna."

Nikavifunga kwenye jani la mgomba nililokuja nalo, nikateremka.

Jumatano hiyo hiyo alasiri nilikuwa kwa bwana shamba mmoja mjini, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliugeuza kwa ncha ya kalamu moja, kisha akaitupa ile kalamu.

"Mzee, mimi nimesomea kahawa."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Na hakuna siku hata moja waliyofundisha uyoga?"

"Hakuna, mzee."

Nikafunga jani langu. Skola alikuwa ameniambia habari ya bibi mmoja wa kwao anayekaa Nduruma, kwenye nyumba za zamani za vibarua wa mkonge. Mashamba yale yalileta watu kutoka kusini enzi za Wazungu. Mkonge uliposhuka bei, wao walibaki. Bibi huyo huja mjini kuuza mboga za kukausha, na kwa uyoga hakuna anayemshinda.

Alhamisi saa nne niliingia Nduruma. Kule chini ni joto na vumbi hata masika, mlima unauona mgongo tu. Uyoga ulikuwa umeanza kutoa maji na harufu ya samaki wa juzi. Bibi Semgovano nilimkuta amekaa kwenye gunia akichambua kunde, mwanamke mfupi, jicho moja limeingia ukungu, lakini lile lingine lilinipekua mpaka mifukoni. Alinizidi umri, nikamwamkia. Nilifungua jani. Alitazama, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Nani huyu aliyekutuma?"

"Nimejituma."

"Umeniletea kofia, Mmeru. Mguu umeuacha wapi?"

"Si ndio huo uyoga wenyewe?"

"Unafanya kazi gani wewe?"

"Nauza vipuri vya baiskeli."

"Nikikuletea kengele na usukani, utanitajia hiyo baiskeli imetoka kiwanda gani?"

Nimezoea kuwa mimi ndiye ninayeuliza hivyo.

Nilimweleza yote: Anaeli, Skola, chungu, Jumamosi. Kicheko kilimtoka usoni. Alisukuma ungo pembeni, akasema, "Sikiliza basi. Kuujua uyoga huangalii uso, unaangalia alikokanyaga. Chimbua mpaka udongo. Tena usilete mmoja. Lete mtoto wake ambaye hajafunguka, lete kijana, lete mzee. Mzee mvua imemwosha, anaweza kukudanganya. Mtoto hawezi. Na huyo binti wa kwetu aje mwenyewe."

"Siku zimekwisha, bibi."

"Ungesikia la mkweo zisingekwisha."

Hilo la Skola kunionya nilikuwa nimemsimulia mwenyewe kwa mdomo wangu. Nilirudi Kaloleni kutafuta jembe.

Ijumaa alfajiri, mwanga wa kwanza, nilikuwa tena chini ya mipaina, safari hii na jembe dogo na kikapu. Skola alinyoosha kidole, mimi nikapiga magoti. Nilifukua ile miiba ya mti taratibu kwa vidole, na chini yake nikakuta watoto. Walikuwa kama mayai ya kuku yaliyozikwa nusu, na kila mmoja ana ngozi nyekundu iliyojaa madoa meupe, manene, kama mtu aliyemwagiwa uji. Pembeni yao kijana amefunguka, madoa amebakiza machache. Kando yake wazee, wekundu watupu, hawana hata doa. Ni ukoo mmoja, shina moja. Niligusa doa moja kwa kidole chenye umande, likatoka kama utando wa maziwa.

Skola aliangalia wale watoto wenye madoa, akakaa chini pale pale.

"Wa kwetu hauna vitu hivi," alisema. "Baba, wa kwetu hauna madoa. Mimi niliokota wale waliooshwa na mvua tu. Sikufukua."

Hakulia. Alisema maneno hayo mara tatu, yale yale, kwa sauti ile ile, mpaka Neema akaanza kulia kwa niaba yake.

Nilikodi pikapu ya mkaa, tukateremka wote watatu mpaka Nduruma, kikapu nimekipakata kama mgonjwa. Saa tisa alasiri Bibi Semgovano aliupanga uyoga juu ya ungo, mdogo hadi mkubwa. Waliongea kwanza kwa Kihehe, yeye na Skola, kwa muda mrefu, na mimi nikawa mgeni. Kisha bibi akapasua mzee mmoja katikati kwa ukucha, akaniita karibu.

"Tazama ndani ya kofia. Hizi kurasa ni rangi gani?"

"Nyeupe."

"Mguu?"

"Mweupe."

"Wa kwetu wa miombo kurasa zake ni njano, na mguu njano, kama kiini cha yai. Sasa tazama chini. Wa kwetu amesimama ndani ya kifuko, kama kifaranga aliyebakiza ganda miguuni. Huyu hana kifuko. Ana uvimbe na vipete vya magamba. Huyu si ndugu wa wa kwetu. Amekuja na hii miti ya Wazungu. Hata kule kwetu, walikopanda mipaina, amefuata. Si wengi anaowaua kwa tumbo. Anaiba akili, anakulaza, au anakutoa nje ukatembee. Mwanao ameuawa na mawe, lakini huyu ndiye aliyempeleka."

Kisha akamgeukia Skola, akasema kwa Kiswahili, nadhani makusudi ili nisikie.

"Mwanangu, ulipokata, hukuona weupe?"

"Nilikata, bibi. Nilikuwa na furaha. Miaka mitatu sijauona. Sikutazama rangi ya ndani."

Bibi alimshika mkono. Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta kama ni mchawi au ni mpumbavu. Nilichokuta ni mtu aliyekumbuka kwao.

Jumamosi saa nne tulifika Kikwe. Wazee walikuwa tisa, wamekaa kwenye viti vya kanisa vilivyoazimwa, na chungu kipo katikati, kipya, chekundu cha udongo. Skola alikwenda jikoni kwa wanawake, kwa sababu mwanamke wa nyumba hakai bure watu wakija. Mimi nilitandika jani la mgomba mbele ya chungu, nikapanga uyoga: watoto wenye madoa, kijana, wazee. Nikaeleza kama nilivyoelezwa. Nikapasua mmoja wakaona weupe. Nikalowesha kidole nikafuta doa mbele ya macho yao. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo katika maisha yangu, na hakuna aliyenikatiza.

Mzee mmoja aliuliza, "Na huyo bibi wa Nduruma, si wa kabila la Skola?"

"Ni kabila lake. Ulitaka nimuulize nani, wewe? Unaujua uyoga?"

Watu waliguna. Zefania alisogea mbele, akautazama muda mrefu bila kuugusa. Kaka yangu ni mgumu lakini si mwongo.

"Haya," alisema. "Tuseme alikosea. Macho yanakosea. Sasa niambie jambo moja, mdogo wangu. Mtoto wetu alikuwa anakula vitu vya kuokota porini kwa nini? Baba yake ana duka mjini."

Ningeweza kusema sijui. Skola alikuwa jikoni, asingenisuta.

"Alikuja kuniomba debe la mahindi," nilisema. "Nilimrudisha."

Kisha Zefania akainama, akakichukua chungu kwa mikono miwili, akakipeleka ndani mwenyewe. Aliporudi hakuketi karibu nami. Akasema, "Kikao kimekwisha. Hakuna jina la kutaja. Kosa lililopo halina chungu chake."

Basi, nilichokwenda kutafuta nilikuwa nimekipata. Mjukuu wangu hakulaaniwa, na mama yake hakulaaniwa. Ningependa masimulizi yaishie hapo.

Saa saba wanawake walileta chakula. Ilikuwa loshoro, mahindi yaliyopondwa na maziwa ya mgando, chakula chetu kabisa, na Skola alikuwa amekipika kwa sababu Anaeli alikuwa amemfundisha. Wazee walipokea vibakuli kwa shukrani, wakaviweka chini. Mmoja akasema amefunga. Mwingine tumbo. Mwingine akaanza kuzungumzia mvua. Wote walikuwa wamekubali dakika chache zilizopita kwamba mwanamke hana kosa, na hakuna aliyeinua kijiko.

Skola alinijia mimi. Alipiga goti, akaninyooshea bakuli kwa mikono miwili.

"Karibu chakula, baba."

Nami ndiye niliyepanda mlima mara mbili. Nilikuwa nimeushika uyoga, nimeupasua, nimejua mguu wake na kurasa zake. Mkono wangu ulitoka, ukafika katikati, ukasimama. Haikuwa muda mrefu. Ni muda wa mtu kumeza mate. Lakini Skola alikuwa anautazama mkono, si uso.

Alirudisha bakuli kifuani kwake, akachota kijiko kimoja, akala mbele yangu, akameza. Kisha akaninyooshea tena. Nilikula yote nikakwangua. Haikusaidia kitu.

Jumatatu asubuhi nilimsindikiza stendi kubwa, mabasi ya kwenda kusini. Nilikuwa nimemwambia kuna chumba nyuma ya duka, kina dari, na mahindi hayatakosekana. Alinishukuru.

"Baba, sina neno na wewe," alisema. "Ulinitafutia haki, hata mama yangu nitamwambia. Lakini mimi ni mpishi. Siwezi kukaa mahali ambapo kila nikipakua lazima nionje kwanza."

"Na mtoto?"

"Mtoto ananyonya bado, baba."

Nilimpa Neema kidole, akakishika, akataka kukila. Basi likaondoka. Nilirudi Kaloleni kwa miguu, nikafungua duka saa nne.

Nilichojifunza nakiandika kwa ajili ya walioko mipakani mwa mipaina, hasa waliotoka kwenye miombo. Mwekundu wenye kurasa nyeupe na mguu mweupe, usio na kifuko miguuni, uache, hata kama hauna doa. Fukua pembeni yake utakuta mtoto mwenye madoa. Na hata ukiona njano ndani, usipike mpaka aushike anayeujua tangu utoto. Hayo namfundisha mtu yeyote kwa nusu saa, na wengi wamekuja dukani nikawafundisha. Wananiita Mzee Uyoga, na sikatai. Ila lile la mkono wangu kusimama hewani sijampata wa kumfundisha, na mjukuu wangu anakulia Iringa.